Herufi R, E na W kwenye bunduki moja ya modeli ya 1917: ilitoka kiwandani hivi, au ni mabaki yaliyounganishwa?

Mwanahifadhi
Salaam wanajukwaa. Nina bunduki ya Kimarekani ya modeli ya 1917, ya kumbukumbu tu, kwani mtutu wake umezibwa kisheria na haiwezi kufyatua tena. Juu ya bodi, yaani chuma kikuu kinachoshika mtutu na bolti, mbele ya mahali bolti inapoingia, limeandikwa jina EDDYSTONE, nami nilidhani hapo mambo yamekwisha. Juzi niliifuta vumbi, nikaanza kusoma vipande kimoja kimoja. Mpini wa bolti una R. Kufuli ya usalama ina W. Kilengeo cha nyuma kina E. Nyuma ya kilengeo cha mbele, juu ya mtutu, ipo R, chini yake alama ya bomu linalowaka, na chini ya bomu 9-18. Ncha ya ubao nayo ina R.

Rafiki yangu anayejigamba kuzijua silaha za zamani aliitazama kwa dakika mbili akatamka kwamba ni "mchanganyiko wa mabaki" usio na thamani ya kihistoria. Naomba kuelimishwa: herufi hizi husomwaje, na je, bunduki ingeweza kutoka kiwandani ikiwa hivi?

SandukuLaChuma
Herufi zenyewe ni rahisi. R ni Remington ya Ilion, W ni Winchester ya New Haven, na E ni Eddystone ya Pennsylvania, kiwanda kilichokuwa chini ya Remington na ambacho peke yake kilitoa zaidi ya nusu ya bunduki zote za modeli hiyo, yaani zaidi ya milioni moja kati ya milioni mbili na ushei. Karibu kila kipande, hata kidogo, kiligongwa herufi ya kiwanda chake.

Jibu la swali lako ni matengenezo. Vita vya kwanza vilipokwisha, bunduki hizi zilirudishwa maghalani, zikafunguliwa, zikasafishwa, na vipande vikatupwa kwenye makasha kulingana na aina yake bila kujali herufi. Fundi aliyekuwa akiunganisha tena alichukua kilichokuwa juu ya kasha. Rafiki yako yuko sahihi kwamba ni mchanganyiko, ila amekosea kuhusu aliyechanganya.

MzeeDarubini
Nakubaliana na SandukuLaChuma kwa sehemu, lakini amepita haraka kwenye mtutu, nao ndio kipande kinachosema mengi kuliko vyote.

Bunduki za modeli ya 1917 zilizofanyiwa ukarabati mkubwa wakati wa vita vya pili, zile ambazo mitutu yake ilikuwa imechakaa, kwa kawaida ziliwekewa mitutu mipya iliyogongwa JA, yaani Johnson Automatics, au HS, yaani High Standard. Mtutu wa Mwanahifadhi si wa namna hiyo. Ni mtutu wa Remington wa Septemba 1918. Kwa hiyo, kama ulibadilishwa, ulibadilishwa kwa mtutu wa akiba wa zama zilezile za vita vya kwanza, au uliazimwa kutoka bunduki nyingine. Ukarabati wa kawaida wa miaka ya 1940 hauelezi hilo peke yake.

Niongeze swali dogo kwa mwenye uzi: rangi ya chuma ni nyeusi inayong'aa kidogo, au ni kijivu kisichong'aa kinachokwaruza kidole kama msasa laini? Ya kwanza ni rangi ya kiwandani. Ya pili ni fosfeti, yaani koti la kemikali la kuzuia kutu, na bunduki nyingi zilipakwa fosfeti zilipopitia karakana.

Mwanahifadhi
Ahsante mzee. Bodi na mtutu ni kijivu. Kufuli yenye W ni nyeusi na inang'aa. Mpini wa bolti upo katikati, siwezi kuapa.

SandukuLaChuma
Basi nimeshinda nusu. Kijivu ni karakana.

MzeeDarubini
Umeshinda robo. Kufuli nyeusi kwenye bodi ya kijivu maana yake kufuli iliingia baada ya karakana, au karakana ilichukua kufuli ya akiba ambayo haikuwa imepakwa upya. Hapo tayari ni maelezo mawili kwa kipande chenye urefu wa kidole gumba.

BintiWaGhala
Habari zenu. Naomba nilete upande ambao haujaguswa, na nitaanza na kisa changu mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita nilinunua modeli ya 1917 ya Winchester ambayo kila kipande kilikuwa na W. Kila kimoja: bolti, mpini wake, kilengeo, kufuli, pete za ubao, kikingio cha kifyatuo, hata bamba la chini la magazini. Muuzaji aliniambia kwamba ni nadra kupata bunduki ambayo haijaguswa, nami nikalipa kwa furaha. Nilipoifungua nyumbani niliona kwamba pete ya mbele ilikuwa imeacha kivuli juu ya mbao, lakini kivuli hicho hakikulingana na pete iliyokuwapo. Palikuwa na ukingo wa mbao safi wenye upana wa uzi, ambao pete ya sasa haikuufunika. Mtu alikuwa ameiondoa pete ya awali na kuweka ya W. Nikaanza kuwa na wasiwasi na vipande vingine vyote, na hadi leo sijui vingapi vilitoka New Haven pamoja na bodi na vingapi vilinunuliwa kimoja kimoja na mtu aliyetaka kupandisha bei.

Kumbuka kwamba Wamarekani hawakugonga namba ya bunduki kwenye bolti ya modeli hii. Kwenye Mauser za Wajerumani namba hujirudia hadi kwenye skrubu, hivyo ukiona tofauti unajua. Hapa hakuna namba ya kulinganisha, ni herufi peke yake, na herufi inapatikana sokoni. Mimi sasa bunduki yenye herufi tatu hainishtui. Yenye herufi moja kila mahali ndiyo inayonifanya nivae miwani.

FundiMstaafu
Dada BintiWaGhala amenena. Ila asiifanye kanuni, maana zipo zenye herufi moja zilizo halali kabisa. Bunduki iliyotoka kiwandani ikawekwa ghalani na haikuguswa tena ingekuwa hivyo hivyo.

Kifaru_98
Wakuu, mimi natoka upande wa Mauser, na ninawashangaa kwa kuhangaika na herufi tatu. Sisi tuna misimbo. S/42 ni Mauser ya Oberndorf, na ikifuatiwa na K ni ya 1934, ikifuatiwa na G ni ya 1935. Baadaye zikaja herufi: byf ni Oberndorf hiyohiyo, bnz ni Steyr, bcd ni Gustloff, ce ni Sauer, dot ni Brno. Na kila kipande kina tai mdogo mwenye namba ya kiwanda. Ukiona tai na 63 umemaliza, ni kiwanda gani huna haja ya kuuliza.

MzeeDarubini
Ndugu Kifaru, hapo mwisho umeteleza, tena mahali ambapo wengi huteleza. Tai mwenye namba si kiwanda. Ni muhuri wa ofisi ya ukaguzi wa silaha ya jeshi, na namba ni ya kundi la wakaguzi. Wakaguzi walihamishwa. Hiyo 63 uliyoitaja hupatikana kwenye bunduki za Oberndorf za miaka ya 1930, kisha inaonekana tena kwenye zile za dot, yaani Brno. Mtu akishika kipande kilichotengana na bunduki, akaona 63, akatangaza kiwanda, ametaja alipokuwa mkaguzi, na hata hapo hajui mwaka.

Kifaru_98
Nimepokea. Nitakwenda kufuta maandishi kwenye vibandiko vya masanduku yangu manne.

FundiMstaafu
Manne tu? Una bahati.

MzeeDarubini
Kisa cha Kifaru kinaturudisha kwenye swali la mwenye uzi. Chapa kwenye chuma huwa za aina tofauti, na macho hayazitofautishi mpaka yafundishwe: ya aliyetengeneza, ya aliyekagua, ya jaribio la nguvu, ya mmiliki, na ya aliyekarabati. Mwanahifadhi ametuambia "kina E". Je, ni E peke yake, au juu yake kuna taji dogo na namba? Kwa maana Waingereza nao walikuwa na E, nayo ilikaa chini ya taji kuonyesha mkaguzi wa kiwanda cha Enfield. Na bunduki hii ina ndugu wa Kiingereza: Pattern 1914, ya risasi za .303, ambayo viwanda vilevile vitatu vya Marekani viliitengeneza kwa mkataba wa Uingereza kabla Marekani haijaingia vitani. Modeli ya 1917 ni Pattern 1914 iliyogeuzwa kutumia risasi za .30-06, na vipande kadhaa vidogo vya moja huingia kwenye nyingine.

Mwanahifadhi
Hakuna taji. E ni peke yake, ndogo, imeegemea kushoto kidogo.

Mpiga_Rangi
Kabla hamjaendelea, herufi imesomwaje? Mimi nimeshasoma R nikakuta ni B iliyochakaa, na nimeona W iliyokuwa M iliyogeuzwa. Usipige picha kwa mwanga wa mbele. Weka taa ubavuni, chini kabisa, karibu kulingana na uso wa chuma, ili kivuli kijae ndani ya herufi. Kisha sugua chaki laini juu yake na ufute kwa kidole; unga utabaki kwenye mfereji wa herufi na hautabaki kwenye mikwaruzo ya juu juu. Usitumie brashi ya chuma wala msasa. Ukishaondoa rangi ya asili ndani ya herufi umefuta ushahidi wenyewe uliokuwa ukiutafuta.

Ukimaliza, angalia kingo. Chapa inapogongwa, chuma husukumwa kando na kuinuka kama ukingo wa jeraha. Kama ukingo huo upo na rangi imeufunika bila kukatika, herufi iligongwa kabla ya rangi. Kama kingo zimelainika na herufi inaonekana kuzama ndani ya uso ulio bapa, kipande kimesuguliwa kabla ya kupakwa upya, yaani kimepita karakana.

Mwanahifadhi
Nimefanya kama ulivyoelekeza, na matokeo yake yamenichanganya zaidi. R ya mpini wa bolti kingo zake zimelainika. E ya kilengeo pia. W ya kufuli ina ukingo mkali kabisa, nikipitisha ukucha unakwama. Na R ya mtutu nayo ni kali, ingawa mtutu ni wa kijivu.

SandukuLaChuma
Mtutu haukuhitaji kusuguliwa kama haukuwa na kutu. Walirusha mchanga tu kisha fosfeti. Bado ni karakana.

BintiWaGhala
Mchanga nao hulainisha ukingo, ndugu SandukuLaChuma. Nimegusa mitutu ya namna hiyo.

SandukuLaChuma
Inategemea mchanga.

BintiWaGhala
Kila kitu kwako kinategemea, ila hitimisho lako tu.

MsomiWaKabini
Samahani kwa kuchelewa. Mnaichukulia herufi kana kwamba inamtaja aliyetengeneza kile kipande kwa mkono wake. Kwa modeli ya 1917 hilo lina ukweli mkubwa. Lakini yeyote aliyefungua kabini ya M1, ile bunduki fupi ya Kimarekani ya vita vya pili, anajua jinsi jambo hili linavyoweza kudanganya. Kabini zile zilizidi milioni sita, na wakandarasi wakuu walikuwa kumi, miongoni mwao Inland, Winchester, Underwood waliokuwa wakitengeneza mashine za kuchapa, IBM, na Rock-Ola waliokuwa wakitengeneza mashine za muziki za kumbi za starehe. Vipande vingi vilitengenezwa na wakandarasi wadogo chini yao, na vilihamishwa kutoka kiwanda hadi kiwanda pale kimoja kilipoishiwa ili mstari wa uunganishaji usisimame. Mtutu wa Underwood kwenye bodi ya mkandarasi mwingine ni jambo la kawaida kabisa, tena la tangu siku ya kwanza kiwandani. Anayeuza kabini yenye herufi moja kila mahali anakuuzia kitu ambacho kiwanda chenyewe huenda hakijawahi kukiona.

Je, haiwezekani kwamba Eddystone, iliyokuwa chini ya Remington, ilipokea mitutu ya Ilion katika wiki fulani ya Septemba au Oktoba 1918? Sisemi ilikuwa hivyo. Nauliza kwa nini tunaanza na karakana.

MzeeDarubini
Ni swali la haki. Mwanzoni kuchanganya vipande kulikuwa na matatizo yake, kwa sababu Winchester ilianza uzalishaji kabla ya michoro ya pamoja kukamilika, na vipande vyake vya awali havikukubali vizuri kuingia kwenye bunduki za wengine. Kufikia 1918 hali ilikuwa imetengemaa. Kwa hiyo kiufundi inawezekana. Lakini kiwanda chenye uwezo wa kutoa bunduki zaidi ya milioni moja hakikuwa na upungufu wa mitutu ninaoujua.

Kifaru_98
Mbao nazo zihesabiwe. Nilinunua kitako cha Lee-Enfield ya Australia kikiwa na SLAZ na mwaka, nikadhani ni jina la kambi. Kumbe ni Slazenger, walewale wa raketi za tenisi, ambao walitengeneza mbao za bunduki wakati wa vita. Bunduki iligongwa Lithgow, jina la kiwanda chake, mbao zikagongwa SLAZ, na hakuna aliyebadilisha chochote. Ndivyo zilivyotoka.

FundiMstaafu
Safari hii Kifaru amelenga. Mwanahifadhi, je, kwenye ubao upande wa kushoto kuna herufi za karakana? RIA kwa Rock Island, OG kwa Ogden, AA kwa Augusta? Karakana za Marekani mara nyingi zilijiandika hapo.

Mwanahifadhi
Hakuna herufi hizo. Lakini kuna jambo ambalo sikulitaja kwa sababu nilidhani ni uchafu. Kwenye ubao wa mbele, kuzunguka mtutu, kuna mabaki ya rangi nyekundu ndani ya vinyweleo vya mbao, kama mkanda wenye upana wa vidole vitatu. Imefutwa, lakini kwenye nyufa bado ipo.

SandukuLaChuma
Ungeanza na hilo!

MzeeDarubini
Hapo uzi umegeuka. Mwaka 1940, baada ya jeshi lake kuokolewa kutoka Dunkirk, Ufaransa, Uingereza ilipewa idadi kubwa ya bunduki hizi, na nyingi zikaenda kwa kikosi cha raia cha Home Guard. Kwa kuwa zinafanana mno na Pattern 1914, na risasi za .303 haziingii kwenye chemba ya .30-06 inavyotakiwa, zilipakwa mkanda mwekundu mbele ili mtu asichanganye. Kama rangi hiyo ni ya kweli, bunduki yako ilivuka Atlantiki, na vipande vinaweza kuwa vilibadilishwa upande wa pili, kutoka kwa bunduki nyingine za shehena ileile.

BintiWaGhala
Na fosfeti ya kijivu je? Ilipakwa kabla ya kuvuka au baada? Na mihuri ya majaribio ya Kiingereza iko wapi? Bunduki iliyouzwa kwa raia kutoka Uingereza ilipaswa kupitia nyumba ya majaribio ya London au Birmingham na kugongwa mtutuni.

Mwanahifadhi
Mtutuni, juu ya ubao, sioni muhuri mwingine wowote zaidi ya nilioutaja na kichwa cha tai.

BintiWaGhala
Kichwa cha tai ni cha Kimarekani, ni jaribio la nguvu la kiwandani. Basi kama ilikwenda Uingereza, iliondoka kwa mlango ambao haukuwa wa duka.

Mpiga_Rangi
Au rangi nyekundu ilipakwa na mtu aliyependa hadithi ya Home Guard. Rangi ndiyo chapa rahisi kuliko zote kughushi, haihitaji nyundo. Itazame chini ya pete ya mbele. Iliyopakwa wakati ule ingepita chini ya pete au ingekomea ukingoni mwake kwa usafi, lakini iliyopakwa juzi huacha michirizi juu ya uchafu wa zamani.

FundiMstaafu
Ninashauri ufungue ubao. Upande wa chini wa mtutu na wa bodi huwa na herufi na namba ambazo hakuna muuzaji anayejishughulisha nazo. Na kwa kuwa ni Eddystone, usithubutu kujaribu kuufungua mtutu wenyewe. Ipo sifa mbaya, inayojulikana na kila mkusanyaji, kwamba mitutu ya kiwanda hicho ilikazwa kwa nguvu nyingi, na bodi kadhaa zilipata ufa ilipofunguliwa baadaye.

MsomiWaKabini
Sifa hiyo inamsaidia MzeeDarubini kwa njia ya ajabu. Kama mtutu wa Eddystone ulikuwa mgumu kiasi hicho kuuondoa, nani angehangaika kuuondoa na kuweka wa Remington wa mwaka uleule? Labda haukuondolewa kamwe.

MzeeDarubini
Sikuomba msaada huo, kwa kuwa unaniharibia hoja yangu mwenyewe, lakini naukubali.

Mwanahifadhi
Nimejaribu kufungua ubao jana usiku. Skrubu ya nyuma imetoka kwa urahisi. Ya mbele imegoma, na nilipoimulika nikaona kwa nini: mfereji wa kichwa chake umeliwa pande zote mbili, umepanuka mpaka bisibisi inazunguka bure. Chuma kilichochimbuliwa hakina rangi ya kijivu, kinang'aa.

BintiWaGhala
Kwa hiyo mtu aliifungua baada ya fosfeti, kwa bisibisi isiyolingana. Nadhani huyo ndiye aliyeweka kufuli yenye W. Hakuna karakana ya jeshi ingeharibu skrubu namna hiyo.

FundiMstaafu
Dada, ni wazi hujawahi kufanya kazi kwenye karakana ya jeshi siku ya Ijumaa jioni.